Kuiweka Saa Sawa si Kuurekebisha Mwendo Wake

Mada kwa watumiaji wa huduma za mawasiliano kuhusu makosa ya saa katika simu, kompyuta na kamera za ulinzi, na namna programu za kusawazisha muda zinavyoyaondoa



Tunapokutana katika mikutano kama huu, tumezoea kuzungumzia gharama za vifurushi, kukatika kwa mtandao na ujumbe wa matapeli. Si kawaida kuzungumzia saa. Hata hivyo, malalamiko mengi ya mtumiaji yanasimama juu ya saa. Mmoja anasema kifurushi chake kiliisha kabla ya muda wake. Mwingine anasema fedha zilitoka katika akaunti yake wakati simu ilikuwa mkononi mwa fundi. Wa tatu anayo picha ya kamera inayomwonesha mtu akiingia dukani. Kila mmoja wao ataulizwa swali lile lile: ilikuwa saa ngapi? Na kama chombo alichokitegemea kilikuwa na saa isiyo sahihi, haki yake inaweza kupotea ingawa anachokisema ni kweli.

Kwa sababu hiyo, ninaomba mwondoke hapa na jambo moja. Saa ina makosa ya aina mbili, na wengi wetu tunalitibu moja tukidhani tumeyatibu yote mawili.

Makosa mawili ya saa

Kosa la kwanza ni la kusoma. Sasa hivi ni saa nne kamili asubuhi, lakini saa ya ukutani inaonesha saa nne kasoro dakika tano. Dawa yake ni nyepesi: tunasogeza mshale, tunaendelea na shughuli.

Kosa la pili ni la mwendo. Saa hiyo hiyo, hata baada ya kuwekwa sawa, inakwenda polepole kuliko inavyopasa. Leo imechelewa sekunde mbili, kesho nne, kesho kutwa sita. Mwenye saa akisogeza mshale kila mwisho wa mwezi, anafanana na mtu anayedeki maji sakafuni huku bomba linavuja. Sakafu itakauka kwa muda, lakini maji yatarudi, kwa kuwa chanzo chake hakijaguswa.

Tusichanganye makosa haya na tofauti ambazo si makosa. Tunaposema saa mbili usiku na simu ikaandika 20:00, hakuna aliyekosea. Ni namna mbili za kuhesabu saa moja ile ile. Vilevile, saa za Afrika Mashariki ziko mbele ya saa ya ulimwengu kwa saa tatu, na hilo ni suala la ukanda wa saa. Ninalisisitiza hili kwa sababu wapo watumiaji ambao simu zao zimewekwa katika ukanda wa nchi nyingine, nao badala ya kuubadilisha ukanda huo, husogeza saa kwa mkono. Kioo cha simu kitaonesha saa sahihi, lakini ndani yake simu itakuwa inaamini wakati usio wa kweli.

Kosa la mwendo linatoka wapi

Ndani ya saa nyingi za kisasa kuna kipande kidogo cha fuwele ya kwatzi. Kikipitishiwa umeme, hutetemeka kwa utaratibu maalumu, na saa hufanya kazi ya kuhesabu mitetemo hiyo. Katika saa ya mkononi, na katika saa ndogo inayoendelea kutembea ndani ya kompyuta iliyozimwa, fuwele hutengenezwa ili itetemeke mara 32,768 kwa sekunde. Idadi hiyo ikitimia, saa huhesabu sekunde moja.

Hakuna fuwele inayotoka kiwandani ikiwa sahihi kabisa. Kosa la sehemu 20 katika milioni ni la kawaida kwa fuwele za bei nafuu. Sehemu 20 katika milioni zinaonekana kuwa si kitu, lakini siku moja ina sekunde 86,400. Piga hesabu, na utaona kwamba saa ya namna hiyo hupotea kwa sekunde 1.7 hivi kila siku. Kwa siku 17 kosa linafikia takriban nusu dakika. Kwa mwaka mmoja linazidi dakika kumi. Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika saa ufa huo huongezeka kila siku bila kupumzika.

Joto nalo lina sehemu yake. Fuwele hizi za saa hutengenezwa ziwe sahihi zaidi katika joto la karibu nyuzi 25 za Selsiasi. Joto likipanda au likishuka kutoka hapo, mitetemo hupungua na saa huchelewa. Tofauti ya nyuzi 20 peke yake inatosha kuichelewesha kwa zaidi kidogo ya sekunde moja kwa siku. Hivyo, mashine mbili za kampuni moja, moja ikiwa katika ofisi yenye kiyoyozi na nyingine juu ya rafu chini ya bati, hazitakuwa na mwendo mmoja.

Funzo kutoka Ulaya, mwaka 2018

Kosa la mwendo liliwahi kuingia katika majiko ya mamilioni ya watu kwa wakati mmoja. Mwanzoni mwa mwaka 2018, wakazi wa nchi 25 za bara la Ulaya zinazounganishwa na gridi moja ya umeme walianza kuona kwamba saa za majiko yao ya umeme na za redio za kando ya kitanda zinachelewa. Saa za aina hiyo hazina fuwele ya kuzitawala. Huhesabu mapigo ya umeme unaoingia nyumbani, ambayo katika gridi hiyo hupaswa kuwa 50 kwa sekunde. Mgogoro wa umeme kati ya Serbia na Kosovo ulisababisha upungufu katika gridi, na kuanzia katikati ya Januari hadi mapema Machi wastani wa mapigo ukawa 49.996. Upungufu huo ni wa sehemu 80 tu katika milioni. Ulipoachwa kwa takriban majuma saba, ulizaa ucheleweshaji wa karibu dakika sita.

Mtu aliyeisogeza saa ya jiko lake mwishoni mwa Februari aliondoa kosa la kusoma, lakini mwendo ulibaki ule ule, kwa hiyo siku iliyofuata saa ilianza tena kuchelewa. Kisha waendeshaji wa gridi walipoupata ufumbuzi, waliendesha umeme kwa kasi kidogo zaidi ya kawaida kwa majuma kadhaa ili saa zote zirudishiwe dakika zilizopotea. Saa ambazo hazikuguswa na mtu zilirejea mahali pake. Zile zilizokuwa zimesogezwa kwa mkono zikajikuta ziko mbele, kwa kuwa zilikuwa zimelipwa deni lile lile mara mbili.

Hapo tunapata mafunzo mawili. Kwanza, kosa la mwendo haliponi kwa kusogeza mshale. Pili, panapokuwa na mfumo unaorekebisha saa taratibu, mkono wa mtu unaoingilia kati unaweza kuharibu badala ya kusaidia.

Programu inavyojifunza mwendo wa saa

Vyombo vilivyounganishwa na mtandao vinayo dawa yake. Katika miaka ya 1980, David L. Mills, mwanasayansi wa Marekani aliyefanya kazi kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Delaware na kufariki Januari 2024, aliweka utaratibu wa kompyuta kuulizana saa kupitia mtandao. Maelezo rasmi ya utaratibu huo yalitolewa mwaka 1985, na toleo la nne, linalotumika sasa, lilitolewa mwaka 2010. Programu zinazofuata utaratibu huu huendesha saa za seva, ruta na kompyuta nyingi duniani. Mhusika mmoja ni seva yenye saa ya kuaminika; mwingine ni kompyuta inayouliza.

Programu ikiwashwa kwa mara ya kwanza, huanza na kosa la kusoma. Katika programu iliyotokana na kazi ya Mills, tofauti ikizidi milisekunde 128, saa hurushwa moja kwa moja hadi wakati sahihi. Ikiwa chini ya hapo, saa husogezwa taratibu, kwa kasi isiyozidi nusu milisekunde katika kila sekunde. Tofauti ikizidi sekunde 1,000, yaani karibu dakika 17, programu husimama na kumwachia binadamu uamuzi, isipokuwa kama imeruhusiwa tangu mwanzo kuirusha saa mara moja. Tahadhari hiyo ina maana: tofauti kubwa kiasi hicho huweza kuwa dalili ya chombo kibovu au ya mtu anayetaka kudanganya saa.

Baada ya hapo inakuja hatua ambayo wengi hawaijui. Programu bado haijui mwendo wa saa ya kompyuta hiyo. Kama haina kumbukumbu yoyote ya nyuma, huiacha saa itembee yenyewe kwa dakika kadhaa, kwa kawaida kati ya tano na kumi na tano kutegemea toleo, ikiendelea kuuliza seva. Mwisho wa kipindi hicho hutazama saa imeachwa nyuma au imetangulia kwa kiasi gani, hugawanya kiasi hicho kwa muda uliopita, na kupata kosa la mwendo. Kuanzia hapo huongeza au kupunguza mwendo wa saa kwa kipimo hicho, na kinachobaki huwa ni marekebisho madogo madogo.

Kwa nini isubiri dakika zote hizo? Fikirini dereva wa bodaboda anayetaka kujua pikipiki yake inatumia mafuta kiasi gani. Akipima kwa safari moja ya kutoka kijiweni hadi sokoni, kosa dogo la kusoma geji litaharibu hesabu yote. Akipima kwa tangi zima, kosa lile lile halitakuwa na uzito. Ujumbe wa mtandao nao huchelewa njiani kwa viwango visivyolingana. Tuseme ucheleweshaji huo unaingiza kosa la milisekunde moja. Programu ikipima kwa sekunde 10, itaweza kukosea mwendo kwa sehemu 100 katika milioni, ambayo ni mbaya kuliko kosa lenyewe inalotafuta. Ikipima kwa sekunde 1,000, itakosea kwa sehemu moja tu. Usahihi hapa hununuliwa kwa subira.

Programu ambayo hairuki pupa hiyo hulichukulia kosa la mwendo kama mfululizo wa makosa ya kusoma. Huisukuma saa mbele, kisha huirudisha nyuma, na huweza kuchukua saa nyingi kabla haijatulia.

Kumbukumbu ya mwendo na thamani yake

Programu ikishaujua mwendo, huuandika. Ndani ya kompyuta kuna faili dogo lenye namba moja tu inayoeleza kosa la mwendo kwa sehemu katika milioni, nalo huandikwa upya mara kwa mara. Kompyuta ikizimwa na kuwashwa, programu husoma namba hiyo na kuanzia pale ilipoishia, bila kurudia kipimo cha mwanzo.

Wazo hili ni la zamani kuliko kompyuta. Manahodha wa Ulaya wa karne ya 18 na 19 waliosafiri na saa maalumu za baharini hawakuwa wakizisogeza mishale kila zilipopotea. Kila saa ilipimwa ili kujua hupotea sekunde ngapi kwa siku, kiasi hicho kikaandikwa, na nahodha alikiingiza katika hesabu zake. Saa inayokosea kwa kiasi kinachojulikana, na kisichobadilika, ilikuwa ya kutegemewa kuliko saa iliyowekwa sawa jana lakini mwendo wake haujulikani.

Kumbukumbu hii huweza pia kuwa mbaya. Fundi akibadilisha ubao mkuu wa kompyuta, fuwele nayo imebadilika, na namba ya zamani haiielezi tena. Katika hali hiyo faili hilo hufutwa ili programu ijifunze upya. Aidha, programu hiyo ina mpaka: haiwezi kurekebisha mwendo uliokosewa kwa zaidi ya sehemu 500 katika milioni, yaani sekunde 43 hivi kwa siku. Saa inayopotea kuliko hapo ina ubovu, na inahitaji fundi.

Ushauri kwa mtumiaji

Kwanza, simu. Acha saa ijiweke yenyewe kutoka mtandaoni, na hakikisha ukanda wa saa ni wa Afrika Mashariki. Katika simu nyingi huoneshwa kwa jina la Nairobi au Dar es Salaam. Ikiwa unatumia programu inayotengeneza namba za siri ndani ya simu yenyewe kwa ajili ya kuingia katika akaunti, jua kwamba namba hizo kwa kawaida hubadilika kila sekunde 30 kwa kufuata saa ya simu. Saa ikipotea kwa dakika chache, namba zitakataliwa ingawa hujakosea. Namba zinazotumwa kwa ujumbe mfupi hazitegemei saa ya simu yako kwa namna hiyo.

Pili, kompyuta. Kompyuta ikiwaka na tarehe ya miaka iliyopita, na tovuti zikaanza kukuonya kwamba si salama, mara nyingi betri ndogo ya mviringo iliyo ndani yake imekwisha. Vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kumalizika, na kompyuta yenye tarehe ya zamani huviona kama havijaanza kutumika. Usijizoeze kupuuza maonyo hayo. Badilisha betri, weka tarehe karibu na iliyo sahihi, kisha iruhusu programu ya kusawazisha muda ifanye kazi yake. Katika nusu saa ya mwanzo, usiisogeze tena kwa mkono.

Tatu, kamera za ulinzi. Hapa ndipo ninapowaomba uangalifu mkubwa zaidi, kwa sababu mashine za kurekodia huwekwa saa siku ya kufungwa na kusahauliwa. Ikiwa mashine yako ina kipengele cha kusawazisha muda kupitia mtandao, kiwashe. Ikiwa haina mtandao, ikague kila mwezi, na uandike katika daftari tarehe ya kukagua na tofauti uliyoikuta.

Na pakitokea tukio, usikimbilie kuisahihisha saa ya mashine. Kwanza piga picha kioo chake kikiwa kando ya simu inayojiweka saa yenyewe, ili tofauti ionekane. Kosa hilo ni sehemu ya ushahidi. Ukilifuta kabla ya kulipima, hutaweza kulieleza baadaye. Tuchukue mfano wa kubuni. Mashine ya duka la wakala wa fedha iliwekwa sawa mwaka mmoja uliopita, na leo imechelewa dakika kumi. Picha ya miezi sita iliyopita inaonesha saa nane na dakika ishirini mchana. Kwa kuwa mwendo wake unajulikana, tunaweza kukadiria kwamba wakati huo mashine ilikuwa imechelewa dakika tano, na kwamba tukio lilikuwa karibu na saa nane na dakika ishirini na tano. Kadirio hilo halitakuwa la sekunde, maana joto hubadilika. Lakini likilinganishwa na muda ulioandikwa katika ujumbe wa muamala, laweza kuamua kama aliyekuwa mbele ya kaunta ni yule anayetuhumiwa au ni mteja aliyemfuata.

Nne, malalamiko. Unapoandika lalamiko, nakili muda ulioandikwa ndani ya ujumbe wa mtoa huduma pamoja na namba ya muamala. Usitumie muda unaoukumbuka, wala ule wa saa ya ukutani. Ikiwa muda wa chombo chako unatofautiana na wa mtoa huduma, taja zote mbili na ueleze tofauti yake. Mtumiaji anayeeleza kosa la saa yake kabla hajaulizwa hudhoofisha hoja ya anayetaka kulitumia dhidi yake.

Hitimisho

Ndugu washiriki, saa iliyo sahihi wakati huu inatuambia jambo dogo: kwamba wakati huu ni sahihi. Haituambii itakuwaje mwezi ujao, wala ilikuwaje mwezi uliopita. Tunaweza kuyajua hayo tu tukiufahamu mwendo wake, na mwendo haujulikani kwa kutazama mara moja. Unahitaji kupimwa kwa muda wa kutosha na kuandikwa. Programu ya kusawazisha muda hufanya hivyo ndani ya kompyuta bila kutusumbua. Kwa vyombo visivyo na programu hiyo, kazi ni yetu, na vifaa vyake ni daftari, kalamu na dakika moja kila mwezi.